Wasifu wa Komla Edzordzi Avornyo, Mwandishi wa "Kipimo cha Asubuhi"

Togbe Hotor, mkuu wa ukoo wetu, Mchungaji, shemeji yangu Enyonam, ninyi wa vyama viwili mliokaa chini ya turubai moja, fulana zenu za kampeni mmezificha ndani ya mashati meusi ingawa uchaguzi ni wiki ijayo, na nyote mliotoka mbali na karibu kumsindikiza Efo Komla, poleni na ahsanteni.

Marehemu aliacha maagizo kwa mwandiko wake, karatasi moja. Jeneza liwe sanduku tu. Mahubiri yasipite dakika ishirini. Ugali wa akple na supu ya bamia visikosekane. Halafu akaandika: "Wasifu asome Yao. Asinipambe. Akikosea asifute. Apige mstari mmoja, aandike lililo sahihi juu yake, atie sahihi." Yao ndiye mimi, mdogo wake, niliyezoea kumwita Efo, yaani kaka. Tumenyonya ziwa moja.

Kwa wasiojua, hiyo ndiyo sheria ya daftari la wapima hali ya hewa. Ukiandika joto nyuzi thelathini na moja, kumbe ni ishirini na moja, huruhusiwi kufuta. Unapiga mstari mwembamba ili kosa libaki linaonekana, unaandika namba iliyo sahihi, na anayetia sahihi ni yule aliyekiona kipimo kwa macho yake, si mwingine. Na kama hukupima, hubuni. Unaweka kistari kwenye nafasi ile, watu wajue kwamba hukupima. Kaka yangu aliishi kwa sheria hiyo zaidi ya miaka hamsini. Mara moja tu aliivunja, kwa ajili yangu, na nitafika huko leo nisipokimbia.

Komla Edzordzi Avornyo alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, hapa hapa Agorkofe, mtoto wa kwanza wa Mzee Gershon Avornyo, mkulima wa kakao na mzee wa kanisa, na Mama Yawa. Katika rasimu nilikuwa nimeandika kwamba alikuwa mtoto mpole. Napiga mstari. Alikuwa mbishi tangu meno ya utoto. Alipokuwa na miaka saba, katekista alitangaza kwamba Jumapili ile waumini mia nne walihudhuria ibada. Komla akanyoosha kidole akasema wako mia mbili na sitini na tatu, amewahesabu. Katekista akamuuliza, "Na malaika je, umewahesabu?" Akajibu, "Hao sikuwaona, Bwana, siwezi kuwaandika." Baba alimchapa, halafu, Mama alikuwa akisema, aliingia ndani akacheka mpaka akakaa chini.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa kwetu, kisha sekondari mjini Hohoe, mwaka 1965 hadi 1970. Huko mwalimu wa jiografia alikuwa na kipima mvua uani, na Komla akapewa kazi ya kukisoma kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Wenzake, wakijua tabia yake, wakakojoa ndani. Asubuhi moja ya jua kali, anga halina hata kipande cha wingu, Komla akaandika ubaoni: mvua milimita tisa. Shule nzima ikavunjika mbavu. Mwalimu alinusa chupa, akamuuliza, "Avornyo, hii ni mvua?" Akasema, "Mwalimu, mimi nimepima kilichokuwemo." Mwalimu akamfundisha siku ile namna ya kupiga mstari na kutia sahihi. Nasikia wawili kati ya waliofanya kitendo kile wako hapa leo, wamekaa pale mbele. Wazee wangu, kaka yangu aliwasamehe zamani, lakini majina aliyahifadhi.

Mwaka 1971 aliingia idara ya hali ya hewa. Baada ya mafunzo Accra alifanya kazi Tamale, Kete-Krachi, na mwisho Ho, hadi alipostaafu mwaka 2010. Kwa miaka thelathini na tisa, kila zamu yake, alisoma mvua, joto, upepo na mawingu, akapeleka namba zake kwa simu ya upepo, baadaye kwa simu ya kawaida, baadaye kwa kompyuta. Serikali zilianguka na kusimama, majenerali wakaja na marais wakaja, na kila mmoja alikuta asubuhi Komla ameshaandika milimita. Alikuwa akisema hiyo ndiyo kazi pekee ya serikali ambayo hakuna waziri aliyewahi kumpigia simu kumwomba apunguze namba.

Alikutana na mkewe Kete-Krachi mwaka 1977. Enyonam Klutse alikuwa mshonaji, na siku hiyo alikuwa amefua vitambaa vya maharusi vya watu kumi na wanne. Akapita kwenye kituo, akamuuliza kijana wa hali ya hewa kama itanyesha. Kijana akatazama mawingu, akatazama vyombo, akasema kwa majivuno, "Haitanyesha." Ilinyesha mpaka kuku wakapanda juu ya meza. Enyonam alirudi kituoni na beseni la vitambaa vyenye matope akammwagia maneno mbele ya wakubwa wake: "Wewe unalipwa kutazama juu, na hata juu penyewe hupaoni! Ningemuuliza mbuzi wangu ningepata jibu zuri zaidi." Kesho yake akapelekewa karatasi. Ilikuwa na neno moja, "Haitanyesha," limepigwa mstari mwembamba. Juu yake imeandikwa, "Imenyesha." Chini, sahihi ya K. E. Avornyo na saa. Shemeji anayo karatasi hiyo mpaka leo. Anasema wanaume wengi walimwandikia mashairi, lakini yule ndiye wa kwanza kumwandikia kwamba amekosea. Walifunga ndoa tarehe 6 Januari 1979, na Mungu akawajalia watoto wawili, Selorm na Dzifa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wenu mlimjua kwalo. Kaka yangu alikuwa akiwaandikia wahariri wa magazeti kuhusu mambo ya nchi, barua baada ya barua. Kwa miaka kumi na minne aliandika barua sitini na moja. Zikachapishwa nne, na moja ilikatwa katikati ikawa inaisifu barabara aliyokuwa anailaumu. Mwaka 2006 akaingia intaneti kafe ya Bi Sitsofe mjini Ho, akasema, "Binti yangu, nataka gazeti lisilo na mhariri." Bi Sitsofe akamfungulia blogu, akamfundisha kuchapa kwa vidole viwili, na vidole hivyo viwili ndivyo vilivyofanya kazi mpaka mwisho. Makala ya kwanza ilitoka Alhamisi, tarehe 9 Februari 2006. Jioni yake alirudi kafe, akaona pameandikwa wasomaji kumi na mmoja. Akasimama katikati ya kafe akamshika mkono kila mtu aliyekuwa kwenye kompyuta, akiwashukuru kwa kusoma. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisoma. Wale kumi na mmoja walikuwa Kanada, Ujerumani na kwingineko, watoto wa nchi hii wanaotafuta habari za nyumbani.

Akaiita "Kipimo cha Asubuhi." Kila makala ilianza na mvua, kisha siasa. "Mvua milimita sita. Waziri amesema mgao wa umeme umekwisha. Nimeandika hivi kwa mshumaa." Kila ahadi ya kiongozi aliipa namba ya siku, kama wanavyohesabu siku za ukame. Barabara ya kuelekea mpakani aliihesabu kuanzia siku ya kwanza mpaka siku ya 2,310. Ilipowekwa lami akaandika, "Siku ya 2,311: lami. Ahsanteni." Akavua viatu akasimama juu yake peku, na madereva walimpigia honi wakidhani ni mzee aliyepotea njia.

Chama hiki kilipokuwa madarakani walimwita mtu wa chama kile. Walipobadilishana, wakambadilisha naye. Siku moja kijana wa chama kimoja, najua uko hapa, Elikem, usiiname, alimfuata sokoni akamwambia, "Mzee, zamani ulikuwa wetu. Nani amekununua?" Efo akamjibu, "Mwanangu, mimi nimekaa palepale. Ninyi ndio mmebadilishana viti." Muuza samaki akadakia, "Na samaki wangu je, nao watabadilishana bei?" Wakacheka wote, na Elikem akanunua samaki.

Alipostaafu alirudi Agorkofe akasimika kipima mvua chake mwenyewe uani, kile cha shaba, kimefukiwa nusu ardhini. Mwaka 2011 mkuu wa wilaya wa wakati ule alizindua kisima kimoja mara tatu. Efo akaandika, "Kisima kimezinduliwa mara ya tatu. Maji bado hayajazinduliwa." Redio ikayasoma maneno hayo asubuhi, nchi nzima ikacheka, na adhuhuri askari wawili wakafika nyumbani.

"Mzee, mtambo uko wapi?"

"Mtambo gani, wanangu?"

"Wa kurushia hayo maneno yako."

"Sina mtambo."

Wakazunguka uani, wakaona shaba inang'aa. "Na hiki?"

"Hicho hakirushi. Kinapokea tu, kutoka juu."

"Ahaa! Ndicho chenyewe!" Wakakichimbua, wakakibeba kwa heshima zote, wakakiweka nje ya kituo cha polisi. Kompyuta ilikuwa mezani mbele yao muda wote, shemeji ameifunika na kitambaa cha kushonea. Baada ya siku tatu mkubwa wao alikirudisha akiomba radhi. Efo akakichungulia, akakipima hapohapo mikononi mwa askari, na kesho yake akachapisha, "Mvua ya kituo cha polisi, siku tatu: milimita nne." Makala hiyo ndiyo iliyosomwa kuliko zote. Askari mmoja kati ya wale wawili amepanda basi tangu jana kuja mazishini. Karibu sana, Sajini.

Kwa miaka kumi na minane na nusu aliandika makala 2,916. Kati ya hizo, 187 zina mstari. Alikosea idadi ya kura, alikosea jina la balozi, mara moja alimzika mbunge ambaye hakuwa amekufa, na alikwenda kumwomba radhi akiwa na kuku. Hakuna hata moja aliyoifuta. Dzifa, binti yake, ametuhesabia.

Kati ya mistari hiyo 187 nataka niseme juu ya mmoja.

Togbe, rasimu uliyoipitisha Jumatatu haikuwa na sehemu hii. Niliipeleka kwa mpiga chapa mwenyewe juzi, na nitakuja kwako na chupa ya kuombea radhi. Kwenye kikao uliniambia, "Yao, mazishi si mahakama. Aliyekufa hasutwi, na aliye hai mwenye akili hajisuti." Ulisema kwa upendo, najua. Lakini shemeji yangu, aliyekuwa pembeni anakunja kanga, akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifo kimeshafika, Yao. Unaficha nini tena?" Sijalala vizuri tangu hapo.

Mwaka 2012 nilikuwa mjumbe wenu katika baraza la wilaya. Alhamisi, tarehe 16 Agosti, tulizindua zahanati ya Agorkofe mbele ya wageni wakubwa. Kulikuwa na matarumbeta, utepe, na wodi yenye vitanda kumi na viwili, vyote vina wagonjwa. Nitasoma kwanza alichoandika marehemu, kisha nilichosema mimi.

Ijumaa aliandika hivi: "Mvua sifuri. Jana nimeona wodi mpya. Vitanda vina namba nyekundu za bweni la wavulana la sekondari yetu ya Hohoe. Mgonjwa wa kwanza yuko kitanda B14. Mgonjwa wa pili, Daa Kosiwa muuza nyanya, alipona tarumbeta zilipoanza, akatoka kucheza. Leo asubuhi lori limevirudisha vitanda shuleni. Zahanati imefunguliwa, wodi haina kitanda."

Mimi nilisema ni uongo. Nilisema vitanda vya zahanati vilikuwepo, viko stoo, na vile vya shule vililetwa kupakwa rangi tu vikachanganyika. Nilisema hivyo kanisani, sokoni na redioni. Kaka yangu hakuwepo wakati wa kupanga, nikasema, kwa hiyo amepima asichokijua. Mkoani wakaahidi kutuma mkaguzi.

Halafu nikaenda kwa Mama. Nikamwambia, "Mama, Efo ananimaliza." Mama Yawa, Mungu amrehemu, alikuwa na miaka themanini na moja. Alitembea kwa fimbo mpaka kwa Komla, akakuta anachambua maharage na mkewe. Akavua kitambaa chake cha kichwa. Wanawake mnajua maana ya mama kumvulia mwanawe kitambaa: ameiweka heshima yake chini ili amsihi. Akasema, "Komla, nimezaa wawili. Usinifanye niwe nimezaa mmoja."

Efo alikaa siku kadhaa. Jumapili, tarehe 26 Agosti, akapiga mstari kwenye makala ile na kuandika juu yake, "Nimeambiwa kwamba vitanda ni vya zahanati." Akatia sahihi. Mkaguzi wa mkoani aliona masahihisho hayo, akaandika kwamba kwa kuwa mwandishi mwenyewe amejisahihisha, hakuna haja ya kuja. Hakuja. Mimi nikaalika watu tukanywa.

Vitanda vya Agorkofe vilifika Mei 2016. Karibu miaka minne. Wanawake waliojifungulia kwenye mkeka katika wodi ile wako hapa, na watoto wao wanakimbia pale nyuma. Mwaka 2014 malaria ilimshika Mama, akalala siku mbili kwenye benchi la zahanati hiyo. Nilipofika alinitazama, akamtazama Komla, akasema, "Mwanangu mmoja aliifungua, mwanangu mwingine akanyamaza, na mimi mbavu zinauma." Akacheka. Komla alitoka nje. Mimi nilibaki nikimpepea, nikijifanya sikusikia.

Hatukuwahi kugombana. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: kaka yangu alinijulia hali kila Jumapili, akala kwangu, akamfundisha mwanangu hesabu. Lakini tangu siku ile hakuandika tena neno moja la siasa kuhusu mji huu. Aliandika Accra, Tamale, Lomé, vita vya mbali, bei ya mafuta, na mwisho wa kila mwezi alipoorodhesha miji na habari zake, kulikuwa na "Agorkofe:" na mbele yake kistari. Watu walidhani ni mapambo. Mimi nilijua kinachosema. Kinasema hapa hapakupimwa. Nilikiona kistari hicho zaidi ya mara mia moja arobaini, na kila nilipokiona nilifunga simu.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema kwamba marehemu "alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi," kama inavyosema karatasi ya kila mazishi niliyowahi kushika. Napiga mstari. Aliugua miezi kumi na minne. Ilikuwa kansa ya tezi dume, iligunduliwa Agosti mwaka jana, na wanaume wa rika langu mnaojikaza mkisema ni uzee tu, nendeni mkapimwe, yeye mwenyewe ameniagiza niwaambie. Alitibiwa katika hospitali ya mkoa, kisha Accra, kisha akasema nirudisheni kwenye kipima mvua changu. Aliandika mpaka vidole viwili vikawa kimoja.

Mwezi wa nane mwaka huu nilikaa naye barazani. Nilikuwa nimejikaza wiki nzima. Nikasema, "Efo, ile ya vitanda."

"Vitanda gani?" Akatabasamu. Alijua.

"Ulijua?"

"Yao, bweni lile nililala miaka mitano. Kitanda B14 kilikuwa changu. Mguu wake wa kushoto una alama ya meno yangu."

"Mbona hukusema? Ungeweza kunivua nguo mbele ya watu."

"Mama alishavua kitambaa. Katika nyumba moja anatosha mmoja kubaki uchi."

Nikalia. Akaniacha nilie, kisha akaniambia nimpe maji. Nikamwambia, "Basi andika sasa. Ondoa ule mstari." Akatikisa kichwa. "Siwezi. Nilishatia sahihi uongo, sahihi yangu pale haina kazi tena. Anayesahihisha ni aliyekuwepo wakati wa kupanga. Ulisema mwenyewe redioni."

Nikamwahidi nitafanya wiki ile. Kisha nikasema wiki ijayo, mpaka kampeni zipite, mpaka afya yake itengemae. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu niliirefusha miaka kumi na miwili, na nikamwacha kaka yangu afe akiningoja mwishoni mwake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kifo chenyewe, na sitaki mtu aje kunipigapiga mgongoni kwa ajili yake.

Alifariki Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 2024. Saa kumi na mbili asubuhi alimtuma Dzifa uani kusoma kipima mvua. Dzifa akarudi. Baba yake akauliza, "Ngapi?"

"Hakuna kitu, Baba."

"Hakuna kitu ndiyo nini?"

"Sifuri, Baba."

"Basi sema sifuri. Sifuri nayo ni kipimo. Andika." Akaandika. Alipogeuka, baba yake alikuwa amefumba macho, na dakika ishirini baadaye pumzi ikakatika, mkewe amemshika mkono.

Ameacha mjane, Enyonam, watoto wawili, Selorm aliye Tema na Dzifa aliye muuguzi katika zahanati yetu, ndiyo, ileile, wajukuu watano, mdogo mmoja, ambaye ni mimi, Bi Sitsofe, aliyekuwa kwake kama binti wa tatu, wasomaji ambao hatuna idadi yao, na kipima mvua kimoja cha shaba, ambacho kuanzia wiki hii ninakisoma mimi, kwa miwani.

Dzifa amesimama pale na kompyuta. Ninachokisoma sasa anakichapisha sasa hivi, chini ya makala ya tarehe 17 Agosti 2012, na maneno ya kaka yangu ya kujikanusha hayafutwi. Yanapigwa mstari.

"Vitanda vilikuwa vya shule. Vyote kumi na viwili. Niliviomba mimi, nilivipanga mimi, na wagonjwa niliwalaza mimi. Hapakuwa na kitu stoo. Aliyeandika makala hii alipima sawasawa, na aliyemfanya ajikanushe ni mdogo wake. Nawaomba radhi wanawake wa Agorkofe. Sahihi: Yao Kekeli Avornyo, aliyekuwepo."

Na hiki ndicho kipimo cha leo, makala ya 2,917. Agorkofe, Jumamosi, tarehe 30 Novemba 2024, saa kumi na mbili asubuhi. Mvua: sifuri. Wodi ya zahanati: vitanda kumi na viwili, nimevihesabu mwenyewe alfajiri hii. Kumi vina wagonjwa, viwili vimevunjika miguu, na mkuu wa wilaya, uliye hapa, umeahidi kuvitengeneza. Leo ni siku ya kwanza.

Pumzika kwa amani, Efo. Palipokuwa na kistari, nimepima.